Peugeot 504 kabla ya rangi: vita na chumvi

Watu wengi wanaopita kwenye banda ambamo gari langu limesimama huuliza litapigwa rangi gani. Huwajibu kwamba litarudishiwa nyeupe lililotoka nayo kiwandani, na kwa kawaida mazungumzo huishia hapo, maana hakuna anayependa kusikia habari za vizingiti vya chini ya milango, matobo ya kutolea maji na mikunjo ya bati iliyo ndani ya milango. Hata hivyo, kwa gari la zamani lililoishi Mombasa, kazi yenyewe iko huko. Rangi nzuri hununuliwa dukani na hupulizwa kwa muda mfupi; kinachoamua kama itadumu miaka kumi au itaanza kuvimba baada ya masika ya kwanza ni hali ya bati lililo chini yake, na hasa sehemu zile ambazo bunduki ya rangi haifiki kabisa.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya milango minne, toleo la mwaka 1976. Aina hii ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na umbo lake lilichorwa kwa ushirikiano na Pininfarina, wasanifu wa magari wa Italia, ambao ndio tunaopaswa kuwashukuru kwa taa zile za mbele zenye pembe na kwa buti lililokunjwa kwa mteremko, jambo ambalo wengine huliona kasoro nami huliona ndilo uzuri wake. Katika Afrika Mashariki 504 haihitaji kutambulishwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha aina yake ya kupe ikashinda tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuitengeneza kwao. Na yale ya safu tatu za viti yalibeba abiria wa masafa marefu kabla ya matatu za nissani kuenea. Kwa sababu hiyo vipuri vya injini bado vinapatikana kwa bei ya kuvumilika. Bati, kwa upande mwingine, halipatikani, na kinachopatikana huwa kimeshaliwa na kutu kama hicho ulicho nacho.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua gari lina bati kiasi gani na lina puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, kiasi gani. Chombo bora cha kazi hiyo ni sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa ili isikwaruze. Unaipitisha taratibu juu ya bodi. Inaposhika kwa nguvu, bati liko karibu. Inapolegea, kuna puti. Inapoanguka, hakuna chuma hata kidogo. Kwenye boneti na paa ilishika vizuri. Kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na sehemu ya chini ya milango yote minne ilianguka, na tulipochimba tukakuta mambo ambayo kila fundi wa bodi wa pwani ameshayaona: puti nene kuliko kidole, chini yake nyuzi za faibagilasi, na chini yake tena kipande cha bati la kuezekea nyumba kilichopigiliwa kwa riveti juu ya kutu iliyoachwa ikiendelea na shughuli zake. Sitaki kuwadharau waliofanya hivyo. Gari lilikuwa la kazi, mwenyewe alitaka lipite ukaguzi na lirudi barabarani kesho yake, na kiraka cha namna hiyo kilitimiza lengo lake. Ila kiraka hicho kinanasa maji, na mtu anayetaka gari liishi miaka mingine ishirini hawezi kujenga juu yake.

Ni lazima nieleze kidogo kwa nini gari la Mombasa huoza tofauti na la Nakuru. Upepo wa baharini hubeba chembechembe za chumvi zinazotua kila mahali, ndani ya milango na chini ya mazulia vilevile. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi hubaki na utando wa maji hata siku ambayo mvua haikunyesha, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, jambo linaloharakisha kutu. Watengenezaji wa magari walijua kwamba maji yataingia ndani ya milango na vizingiti. Ndiyo maana waliacha matobo madogo chini yake ili yatoke. Matobo hayo yakizibwa na mchanga, au na lami nyeusi ambayo mafundi hupenda kuipaka chini ya gari kwa nia njema kabisa, mlango unageuka kuwa birika. Katika gari langu hakukuwa na tobo hata moja lililokuwa wazi.

Gari hili halina shasi ya pekee kama ile ya Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na vizingiti vilivyo chini ya milango ni sehemu ya uti wake wa mgongo. Ukivikata vyote viwili kwa pamoja wakati gari limesimama kwa jeki katikati, bodi itajikunja, kidogo sana kiasi kwamba huoni kwa macho, lakini siku ya kurudisha milango utakuta haifungi na hakuna nyundo itakayoirekebisha. Kwa hiyo tulilichomelea gari mabomba ya chuma kwenye nafasi za milango ili zisibadilike umbo, tukapima mapengo ya kila mlango na kuyaandika kwa chaki ukutani, kisha tukakata na kujenga upande mmoja hadi ukakamilika kabla ya kuugusa wa pili. Bati jipya tulilotumia ni la chuma laini lenye unene wa karibu milimita moja, lisilo na zinki. Mafundi wengi hupendelea kukata viraka kutoka mabati ya nyumba kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini zinki inapochomwa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na baridi usiku huo, na weldi yenyewe hutoka na matundu.

Hapa nilibishana kwa adabu na mzee anayenifanyia kazi ya kuchomelea, fundi ambaye alinyoosha magari ya namna hii yalipokuwa bado mapya. Mimi nilitaka mashine ya migi, inayochomelea kwa umeme na waya unaojilisha wenyewe, kila mahali, kwa kuwa unaweza kupiga nukta fupifupi zilizoachana, ukasubiri zipoe, na bati lisipinde kwa joto. Yeye alitaka gesi. Hoja yake ilikuwa kwamba weldi ya migi hutoka ngumu, ukiipiga nyundo inapasuka au inalivuta bati la pembeni, ilhali weldi ya gesi hubaki laini na unaweza kuifua mpaka usione ilipokuwa. Ana haki, na nadhani vijana waliojifunza kwa migi pekee wamepoteza kitu. Tulikubaliana kwamba vizingiti na sakafu, ambavyo havionekani na havina haja ya kufuliwa, vichomwe kwa migi, na ngozi za nje za milango pamoja na matao ya nyuma yachomwe kwa gesi na mikono yake. Ngozi ya mlango ni bati jembamba pana lisilo na kitu cha kulishikilia, na joto la gesi lilipokuwa likilivimbisha, alilifua papo hapo kwa nyundo na ile fuawe ya mkononi ambayo mafundi huiita doli, kabla halijapoa katika umbo baya.

Unyooshaji wenyewe ni somo ambalo haliishi. Kanuni ya kwanza ni kurudisha mbonyeo kwa kufuata kinyume cha njia uliyoingilia: kilichobonyea mwisho hutolewa kwanza. Anayeanza hukimbilia katikati ya shimo na kulipiga kwa nguvu kutoka ndani, na matokeo yake ni bati lililotanuka, lenye eneo kubwa kuliko nafasi yake. Bati la namna hiyo hulitambua ukilibonyeza kwa kidole gumba: linaingia kwa mlio na kurudi kwa mlio, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Dawa yake ni kulifinya kwa joto. Unalipasha doa dogo, lisizidi upana wa shilingi, mpaka liwe jekundu. Linapovimba unalifua taratibu juu ya doli, kisha unalipoza kwa kitambaa chenye maji. Chuma kinapopoa hujikusanya kidogo kuliko kilivyokuwa. Doa moja moja, kwa subira, bati hukaza tena. Boneti yangu ilikuwa na tatizo hilo mbele, kwenye ukingo, pengine kwa sababu ya miaka mingi ya kufungwa kwa kubamizwa.

Macho hayatoshi kukagua kazi hii, hasa kwenye bati lisilo na rangi ambalo halirudishi mwanga. Mzee huvaa soksi nyembamba ya pamba mkononi na kupitisha kiganja chote, si ncha za vidole, kwa kwenda na kurudi kimshazari. Pamba huondoa msuguano na mkono unasikia bonde la nusu milimita. Mimi nilikuwa nikidhani ni maringo ya ufundi hadi aliponionyesha bonde kwenye tao la kushoto ambalo nilikuwa nimeliapia kwamba halipo, na rula ndefu ikathibitisha.

Kuhusu kuondoa rangi ya zamani, nilishauriwa mara nyingi nikalipige gari mchanga kwa kompresa. Kwa vipande vinene kama mikono ya magurudumu ni njia nzuri, ila kwa boneti na milango mapigo ya mchanga hulitanua bati mpaka likawa na mawimbi. Zaidi ya hayo, mchanga unaotumika katika baadhi ya yadi za hapa ni wa ufuoni, yaani unapigilia chumvi ndani ya chuma ambacho unataka kukitakasa, na vumbi lake la silika huharibu mapafu ya anayelivuta. Nilitumia dawa ya kuyeyusha rangi kwenye sehemu pana, na brashi ya waya iliyofungwa kwenye grainda kwenye kona. Tabaka za zamani kabisa nilizisugua kwa maji na si kwa ukavu, kwa sababu rangi za enzi hizo huenda zina risasi, na vumbi la risasi si la kuchezewa katika uwanja ambapo watoto hupita.

Bati likishang'aa, watu hudhani kutu imekwisha. Katika vishimo vidogo vilivyobaki, vyeusi vyeusi, chumvi bado imo, na hiyo haionekani. Hatua ambayo ningependa kila mtu wa pwani aifuate, na ambayo sijaiona ikifanywa katika gereji nyingi, ni kuosha chuma kitupu kwa maji matamu mengi. Inasikika kama wazimu kumwagia maji bati ambalo umehangaika kuliondolea kutu, lakini chumvi huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye thina. Tulisugua vishimo kwa brashi ngumu, tukasuuza, tukakausha mara moja kwa hewa ya moto, kisha tukaliacha bati usiku kucha bila kulipaka kitu. Asubuhi vishimo vyenye chumvi hujitaja vyenyewe: vinakuwa na weusi mbichi wenye unyevu, ilhali sehemu safi hubaki kavu. Palipokuwa na weusi tuliosha tena. Baadaye tukapaka asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa fosfati iliyotulia, tukahakikisha haikaukii juu ya bati na tukaisuuza vizuri, kwa kuwa praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayofunga chuma, haishiki vyema juu ya mabaki ya asidi.

Epoksi ndiyo iliyofuata, moja kwa moja juu ya chuma safi. Najua utaratibu uliozoeleka ni puti kwanza kwenye bati tupu, kisha praima juu yake, na watengenezaji wengi wa puti huruhusu hivyo. Kwa nchi kavu sina ugomvi nao. Huku kwetu napendelea chuma kifungwe kwanza, kwa sababu puti ya poliesta imejaa unga wa talki na hunywa maji; ikikaa juu ya bati tupu na ikapata ufa mdogo kama unywele, huyapeleka maji hayo hadi kwenye chuma. Ikikaa juu ya epoksi, maji hukuta mlango umefungwa. Jambo la kuangalia ni kwamba praima zenye asidi, zile za kung'ata bati, hazifai kuwekwa chini ya puti ya poliesta, kwa kuwa asidi yake huisumbua puti isigande sawasawa.

Puti yenyewe nimeiruhusu iwe utando tu, milimita mbili au tatu mahali pabaya zaidi. Kiasi cha hadina, dawa ya kuigandisha puti, kinachopendekezwa kwa kawaida ni karibu asilimia 2 ya uzito, na kwa joto la Mombasa la nyuzi 30 na zaidi inakupa dakika chache sana kabla haijaanza kukaza. Kishawishi cha kuongeza hadina ili kazi iende haraka ni kikubwa, na adhabu yake huja miezi kadhaa baadaye pale hadina iliyozidi inapopanda juu na kuacha doa la manjano kwenye rangi nyeupe. Tunachanganyia juu ya kipande cha kioo cha zamani, si juu ya boksi la karatasi, maana karatasi hufyonza utomvu na kuibadilisha puti, na tunakandamiza badala ya kukoroga ili hewa isiingie na kuacha vitundu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenigombanisha na nusu ya mafundi wa mtaani: ndoo ya maji. Kusugua puti kwa msasa na maji ni desturi ya miaka mingi, na faida yake ni ya kweli, vumbi haliruki na msasa haujazani. Lakini puti inakunywa maji hayo, na katika hewa yetu yenye unyevu haikauki kabisa hata ukiianika juani mchana kutwa. Unapoifunika kwa praima na rangi, unyevu unabaki ndani, jua linaupasha, na baada ya msimu mmoja unaona malengelenge ambayo mwenye gari huyalaumu kwa kiwanda cha rangi. Msasa wa maji una mahali pake, juu ya praima iliyoganda na juu ya rangi. Juu ya puti, usuguaji uwe mkavu, na mtu avae barakoa.

Tunasugua kwa ubao mrefu ulionyooka, kuanzia msasa wa 80, kisha 120 na 180, kwa mikato ya kimshazari inayopishana, kwa kuwa mkono mtupu hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Kabla ya kila raundi tunapulizia ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu ya sehemu nzima. Weusi ukifutika kwanza, hapo pana kilima. Ukibaki, hapo pana bonde. Ni hila rahisi na haina huruma. Baada ya puti huja praima nene ya vijenzi viwili, ambayo husuguliwa vivyo hivyo, mara hii kwa 320 na hatimaye 600 kwa maji. Hadina ya praima hizo ina isosayaneti, kemikali ambayo inaweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Mpulizaji wetu huvaa kofia inayopelekewa hewa safi kwa bomba, kifaa kilichogharimu zaidi ya bunduki ya rangi yenyewe, na sikukubali mjadala katika hilo.

Hali ya hewa nayo ina sheria zake. Bati linapaswa kuwa na joto lililozidi angalau nyuzi tatu kiwango ambacho umande huanza kufanyika; alfajiri za Mombasa mara nyingi haziko hivyo, hata kama mkono unahisi bati ni kavu. Tunapulizia kuanzia saa nne asubuhi, katika kipindi cha kaskazi, na tunatoa maji kwenye tangi la kompresa kila tunapoanza, kwa sababu hewa yetu ikikamuliwa hutoa maji ya kushangaza.

Kwa sasa gari limesimama likiwa kijivu lote, milango, boneti na buti vikiwa vimefungwa mahali pake ili mapengo yakaguliwe kabla ya kuvifungua tena kwa ajili ya rangi. Mlango wa nyuma wa kushoto bado umechomoza kidogo juu ya kitasa, na itabidi bawaba zake zirekebishwe kabla ya kufikiria puti. Vizingiti vitajazwa nta kwa ndani baada ya rangi kumalizika, si kabla, kwa sababu nta ikirushwa hata chembe moja juu ya praima rangi hukataa kushika. Matobo yote ya kutolea maji nimeyachomeka vijiti ili yasizibwe katika shughuli hizi. Kinachosubiriwa ni raba ya kioo cha mbele. Niliyokuwa nayo imekakamaa, na nimeagiza mpya ya asili, kwa sababu raba za kuigwa huwa nene au nyembamba kuliko za asili na fremu ya kioo ndipo kutu ilipokuwa mbaya kuliko pote. Ikifika tutakijaribisha kioo juu ya praima, tuone kama midomo yake inalala vizuri kwenye fremu pande zote, kisha tutakitoa tena ndipo niagize rangi.